Taimingi ya Mafuta katika Injini ya Nozeli Moja

Katika injini ya petroli yenye nozeli iliyofungwa kwenye throto bodi, mafuta ya silinda zote hunyunyizwa mahali pamoja, juu ya kipepeo kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Hewa huyapokea hapo na kuyapitisha kwenye manifoldi, kisha kila silinda huvuta sehemu yake vali yake inapofunguka. Nozeli huwa moja kwa injini nyingi za silinda nne, na mbili kwa injini kubwa za silinda sita au nane. Kabureta haipo, lakini hewa na mafuta hufuata njia ileile iliyofuatwa enzi za kabureta. Kilichobadilika ni anayepima mafuta: kazi iliyofanywa na jeti na chemba ya boya sasa inafanywa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inayoifungua na kuifunga nozeli kwa umeme mara nyingi kila sekunde.

Ni mfumo wa kipindi cha mpito. Ford na General Motors zilianza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika muongo huohuo Bosch ya Ujerumani ilitoa Mono-Jetronic, na Toyota ikaanza kuuza injini ya 1S-i. Baadaye zikaja 4S-Fi ya Toyota, SR18Di ya Nissan, na G16A ya vali 8 iliyofungwa kwenye Suzuki Sidekick zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 1989. Sheria za moshi za miaka ya 1990 zilipobana, watengenezaji wakahamia kwenye nozeli moja kwa kila silinda. Anayetaka kununua gari la zamani lililotoka Japani anaweza kuanza kwa kusoma jina la injini. Kwa Toyota, herufi E mwishoni, kama katika 4S-FE, inaonyesha kwamba kila silinda ina nozeli yake. Herufi i ndogo, kama katika 4S-Fi, inaonyesha nozeli moja ya pamoja. Injini hizi mbili zinafanana sana kwa nje, na muuza vipuri asiyeulizwa vizuri atamfungia mteja kifaa cha injini nyingine.

Gari la namna hii likianza kumisi au kunywa mafuta kupita kiasi, gereji nyingi, za Mugumu kama za Mwanza, huambizana kwamba “taimingi imekimbia”, na mkono wa kwanza huenda kwenye distribyuta. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Injini hii ina taimingi mbili, ya moto na ya mafuta, na zinafanya kazi kwa kanuni tofauti kabisa. Ya moto inahesabiwa kwa digrii, na digrii chache tu zinaweza kuharibu pistoni. Ya mafuta, katika mfumo wa nozeli moja, haina digrii ya kurekebisha. Kinachopimwa ni muda ambao nozeli inakaa wazi.

Injini ya mapigo manne huhitaji mizunguko miwili ya krankishafti ili kila silinda ivute, ibane, iwake na itoe moshi. Kwa hiyo injini ya silinda nne hupata cheche mbili katika kila mzunguko mmoja, kwa mpangilio ambao mara nyingi ni silinda ya 1, 3, 4, kisha 2. Kila cheche huanzia kwenye ishara inayotoka kwenye distribyuta, ambayo ndani yake kuna sensa inayosoma mahali krankishafti ilipofika. Ishara hiyohiyo ndiyo inayoiambia kontroli boksi kwamba wakati wa kufungua nozeli umefika. Cheche moja, mnyunyizo mmoja. Kwenye injini zenye nozeli mbili, mara nyingi hupokezana: ishara hii hufungua ya kushoto, inayofuata hufungua ya kulia.

Hesabu yake si ngumu. Injini ya silinda nne ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 750 kwa dakika hupata cheche 25 kwa sekunde, yaani kati ya ishara moja na nyingine kuna milisekunde 40. Katika muda huo nozeli hufunguka kidogo tu, kwa kawaida milisekunde moja au mbili, kisha hulala. Kwenye mizunguko 3,000 cheche hufika 100 kwa sekunde na nafasi iliyobaki ni milisekunde 10. Kwenye mizunguko 6,000 ni milisekunde 5. Injini ikibebeshwa mzigo kwenye kasi hiyo inahitaji mafuta mengi wakati muda wa kuyanyunyiza umebaki mdogo, na nozeli inakaribia kukaa wazi moja kwa moja. Ndiyo sababu nozeli za mfumo huu ni kubwa. Ukubwa huo una gharama yake upande wa pili: kwenye sailensi nozeli kubwa lazima ifunguke kwa muda mfupi mno, na hitilafu ndogo ya muda huonekana mara moja kwa injini kutetemeka. Baadhi ya mifumo, ikiwemo ya General Motors, huacha kufuata ishara za cheche muda unapokuwa mfupi kiasi hicho, na kunyunyiza kwa vipindi vya saa ya kompyuta yenyewe.

Mtu anaweza kuuliza inakuwaje mafuta yanyunyizwe bila kujali ni vali ipi iliyo wazi. Kwenye injini yenye nozeli kwa kila silinda, hasa ile inayonyunyiza kwa zamu, mafuta hutua nyuma ya vali yenyewe na mtengenezaji hupanga yafike kabla haijafunguka. Kwenye throto bodi, kati ya nozeli na vali kuna manifoldi nzima. Sehemu ya mafuta huenda na hewa ikiwa mvuke, na sehemu hulowanisha kuta za manifoldi na kusafiri taratibu kama utando mwembamba, ikigeuka mvuke kadiri inavyopata joto. Silinda haivuti mnyunyizo uliotoka sasa hivi. Inavuta mchanganyiko uliotokana na minyunyizo kadhaa iliyotangulia. Kusogeza mwanzo wa mnyunyizo kwa digrii 5 kwenye mizunguko 3,000 ni kuusogeza kwa muda usiofika theluthi moja ya milisekunde, jambo ambalo utando ule hauna habari nalo. Digrii hizohizo 5 zikiongezwa kwenye cheche, injini yenye mzigo kwenye kilima inaweza kuanza kugonga.

Kwa hiyo swali la maana kwa fundi ni nini kinachoamua urefu wa mnyunyizo. Petroli huungua vizuri ikiwa gramu moja imepata karibu gramu 14.7 za hewa. Kompyuta haina mizani ya kupimia hewa inayoingia. Inaikisia kutokana na sensa. Mifumo ya General Motors husoma mgandamizo ulio ndani ya manifoldi pamoja na kasi ya injini. Mono-Jetronic husoma pembe ya kipepeo na kasi ya injini, kisha hujisahihisha kwa sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi. Juu ya kadirio hilo huongezwa marekebisho: joto la maji, joto la hewa, na volti za betri.

Hilo la volti husahaulika sana. Nozeli ni sumaku ya umeme inayoinua sindano ndogo, na haifunguki papo hapo. Huchukua sehemu ya milisekunde kabla mafuta hayajaanza kutoka. Betri ikiwa dhaifu, sumaku huchelewa zaidi, na kompyuta hurefusha muda ili kufidia. Fidia hiyo huenda sawa mradi volti ambazo kompyuta inaziona ndizo zinazofika kwenye nozeli. Waya wa ethi ulioliwa na kutu au relei iliyochoka hula volti njiani bila kompyuta kujua, na mafuta hupungua. Kabla ya kununua nozeli mpya ni busara kusafisha ethi zote, ya betri kwenye bodi na ya injini kwenye bodi, kazi ya nusu saa na kipande cha msasa.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una neno lake nchini Tanzania. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na kutoka ziwani kwenda Issenye na Mugumu, au kwenye miinuko ya Tarime, ni kupanda tu. Hata pale ufukweni Musoma mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 87 ya ule wa Dar es Salaam. Anayetoka Issenye kwenda Arusha kwa kupitia lango la Ikoma na Seronera hupanda hadi ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300, ambako mgandamizo hubaki kama robo tatu. Gari la kabureta lililorekebishwa Pwani hufika huko likitoa moshi mweusi. Gari la throto bodi hujirekebisha, lakini kila mfumo kwa njia yake. Ule unaosoma mgandamizo wa manifoldi huona upungufu wa hewa moja kwa moja, na mingi ya aina hiyo hupima mgandamizo wa hewa ya nje pale swichi inapofunguliwa kabla injini haijawaka. Kwa gari kama hilo lililopanda mlima mrefu bila kuzimwa, kusimama, kuzima na kuwasha tena huipa kompyuta kipimo kipya. Ule unaotegemea pembe ya kipepeo hauna macho hayo. Kwake sensa ya oksijeni ndiyo inayoongoza. Fundi aliyeikata sensa hiyo kwa sababu “haina kazi” amelipokonya gari njia ya kujua liko Bunda au Ngorongoro.

Wakati wa kuwasha, kompyuta huacha hesabu za kawaida na kutumia joto la maji kuamua mnyunyizo. Asubuhi ya baridi ya mwezi Julai minyunyizo huwa mirefu, kwa kuwa mafuta mengi hubaki kwenye kuta baridi za manifoldi. Dereva wa gari hili hana haja ya kupigapiga pedali kabla ya kuwasha kama ilivyokuwa kwa kabureta. Kwenye throto bodi ya nozeli hakuna pampu ndogo inayomwaga mafuta pedali inapoguswa injini ikiwa imezimwa. Ikiwa injini imelewa mafuta na plagi zimelowa, mifumo mingi ina njia ya kuikausha: pedali ikanyagwe hadi mwisho na ishikiliwe hapo wakati wa kupiga stata. Kompyuta ikiona kipepeo kimefunguka chote huku injini ikizungushwa na stata, hupunguza mafuta sana ili hewa ikaushe silinda. Injini ikiwaka, pedali iachiwe.

Dereva akikanyaga ghafla, hewa hukimbia mbele na utando wa mafuta huachwa nyuma. Kompyuta hujua hivyo kwa kasi ya kugeuka kwa sensa ya kipepeo, na huongeza minyunyizo ya ziada isiyosubiri ishara ya cheche. Sensa hiyo ikiwa imelika sehemu moja, hasa pale kipepeo kinapokaa muda mwingi, gari hukwama kidogo kabla ya kuchomoka; wengi hulaumu plagi. Kinyume chake, dereva akiachia pedali gari likiwa kwenye gia na kasi ya injini ikiwa bado juu, mifumo mingi hukata au kupunguza sana mafuta hadi injini ikaribie sailensi. Kuteremka mlima gari likiwa nyutro ili “kubana mafuta” kunaleta kinyume cha kilichokusudiwa, kwa sababu injini isiyosukumwa na magurudumu lazima inyunyiziwe ili isizime. Breki nazo hubeba mzigo wote, jambo ambalo kwenye mteremko wa Ngorongoro si la kufanyia majaribio.

Sasa distribyuta. Kuigusa kunaruhusiwa, mradi mtu ajue anachorekebisha ni moto tu. Ukiizungusha, sensa iliyo ndani yake huzunguka nayo, kwa hiyo ishara ya mafuta nayo husogea. Lakini kama ilivyokwisha kuelezwa, mafuta hayajali. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo utaratibu ni kuipasha injini hadi joto lake la kazi, kuiacha sailensi, kisha kuunganisha kwa waya mfupi vituo vya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti. Waya huo huiambia kompyuta iache kuongeza digrii zake yenyewe. Ndipo taa ya taimingi humulikwa kwenye puli ya krankishafti na distribyuta huzungushwa taratibu hadi alama isimame kwenye digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu; kipimo cha injini husika huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na hicho ndicho cha kufuatwa. Bolti ikishakazwa waya hutolewa, na alama huonekana ikisogea mbele yenyewe. Fundi anayeruka hatua ya waya hupima digrii zilizochanganyika na za kompyuta, kisha hurudisha distribyuta nyuma kufidia. Gari hutoka gerejini likiwa tulivu kwenye sailensi na zito barabarani, na safari inayofuata mwenye gari anauziwa pampu ya mafuta.

Waya huohuo una faida nyingine. Swichi ikifunguliwa bila kuwasha injini huku TE1 na E1 zimeunganishwa, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ikipepesa kwa mfululizo ulio sawa, kompyuta haina kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, mafungu hayo ni tarakimu: mara mbili, kituo kifupi, mara mbili tena, ni 22, sensa ya joto la maji. Namba 12 na 13 ni ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta, 31 ni sensa ya hewa au ya mgandamizo wa manifoldi, 41 ni sensa ya kipepeo. Kupata habari hizi hakuhitaji mashine ya kompyuta, na mashine za kisasa zinazochomekwa chini ya usukani mara nyingi hazizungumzi na magari haya kabisa. Namba huonyesha sakiti yenye tatizo. Waya uliokatwa na panya hutoa namba ileile ya sensa iliyokufa. Kwa Nissan nyingi za miaka hiyo, sensa iliyo ndani ya distribyuta ni ya mwanga unaopita kwenye matundu membamba ya kisahani. Mafuta ya injini yakivuja ndani na kukifunika, ishara hukatikakatika, na kwa kuwa cheche na mnyunyizo hutegemea ishara hiyo, vyote viwili hupotea pamoja. Gari linalozima ghafla kana kwamba swichi imefungwa, kisha likawaka baada ya kupoa, linastahili kuchunguzwa hapo kwanza.

Joto la maji linahitaji neno zaidi, maana mara nyingi sensa huwa nzima na kosa ni la binadamu. Ni desturi iliyoenea katika Afrika Mashariki kung'oa temostati gari linapochemsha mara moja, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na maji yapite huru. Kwenye injini ya throto bodi uamuzi huo huumiza mara mbili. Injini isiyofikia joto lake huonekana na kompyuta kama iliyowashwa sasa hivi, na minyunyizo hurefushwa safari nzima. Pamoja na hilo, sakafu ya manifoldi ya mfumo huu kwa kawaida hupashwa na maji ya injini au na hita ya umeme ili kuukausha ule utando wa mafuta. Maji yakibaki ya uvuguvugu, mafuta hutiririka mabichi hadi kwenye silinda, huosha oili kwenye kuta zake na kushuka kwenye sampu. Oili inayonuka petroli na kupanda juu ya alama bila kuongezwa ni dalili ya hali hii. Temostati mpya ni nafuu kuliko pistoni na ringi zake, na rejeta iliyoziba inazibuliwa, haifidiwi kwa kuondoa temostati.

Presha ya mafuta ndiyo nguzo ambayo hesabu zote za kompyuta zimeiegemea, na haina sensa yake kwenye magari haya. Kompyuta huamini kwamba presha ni ile iliyowekwa kiwandani. Mifumo ya General Motors na Bosch hufanya kazi kwa presha ya chini, karibu baa moja au pungufu, wakati yenye nozeli kwa kila silinda hufanya kazi kwa takriban baa 3. Mafuta yanayopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha. Kwa hiyo upungufu wa baa 0.2 unaotokana na filta iliyoziba hupunguza mafuta kwa kiasi cha asilimia 3 kwenye mfumo wa baa 3, lakini kwenye mfumo wa baa moja hupunguza zaidi ya asilimia 10. Filta ya petroli ambayo gari jingine lingeivumilia mwaka mzima hulinyong'onyeza hili mapema. Presha ndogo pia huruhusu petroli kugeuka mvuke upesi ndani ya mabomba gari likizimwa kwenye jua la saa nane mchana. Kufungua swichi na kuiacha pampu ijaze mara mbili au tatu kabla ya kupiga stata husaidia.

Mafuta yenyewe nayo ni sehemu ya taimingi, kwa maana kwamba kompyuta hupima ujazo kwa muda na haijui kilichomo. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA ili kuwabana wanaochanganya, na petroli ya kituo kinachokaguliwa ina ulinzi huo. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara vijijini imepita mikono mingi baada ya pampu. Inayolazimika kununuliwa iachwe itulie kwenye chombo kinachopenya mwanga: maji huzama chini na kufanya tabaka linaloonekana. Tone moja la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka bila kuacha alama ya mafuta. Doa linalobaki lenye kung'aa linaleta shaka ya mafuta ya taa au dizeli. Mafuta ya taa hushusha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, injini hugonga, na mtu hurudi tena kuzungusha distribyuta isiyo na kosa.

Mfumo huu una zawadi moja ambayo warithi wake hawana: nozeli inaonekana kwa macho. Kifuniko cha filta ya hewa kikitolewa na injini ikiwa sailensi, mnyunyizo unaonekana ukishuka juu ya kipepeo. Ukimulikwa na taa ya taimingi iliyoshikizwa kwenye waya wa plagi, mwanga huwaka sambamba na cheche na matone huonekana kana kwamba yamesimama hewani, hivyo umbo lake huchunguzwa kwa nafasi. Koni iliyo sawa pande zote ni afya. Mchirizi wa upande mmoja au matone mazito ni uchafu kwenye mdomo wa nozeli. Injini ikizimwa, mdomo unatakiwa ukae mkavu. Unaodondosha ndio unaofanya gari lisiwake likiwa la moto. Kazi hii ni ya mahali palipo wazi, mbali na sigara na jiko, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili.

Nozeli inayoshukiwa haijaribiwi kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri. Nyingi za mfumo huu zina ukinzani mdogo, kati ya omu 1 na 2, na kontroli boksi huzifungua kwa mkondo mkubwa wa kitambo kisha kuupunguza. Volti 12 za moja kwa moja huziunguza kwa muda mfupi. Mita ya omu inatosha kujua kama koili yake imekatika, na taa ndogo ya majaribio kwenye soketi yake hupepesa injini inapozungushwa ikiwa kompyuta inatuma ishara. Taa isiyopepesa inamrudisha fundi kwenye distribyuta na nyaya. Inayopepesa wakati nozeli imekauka inampeleka kwenye mafuta.

Vumbi ni adui wa upande wa hewa. Sehemu ya safari ya kwenda Arusha hukatiza tambarare za kusini mwa Serengeti, ambazo udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na vumbi lake laini hupenya filta iliyochakaa au kifuniko kisichokaa sawa. Pamoja na mvuke wa oili, hufanya masizi kuzunguka ukingo wa kipepeo na kwenye njia ndogo ya hewa ya sailensi. Kusafisha kwa dawa ya kabureta na kitambaa kisichotoa nyuzi kunatosha, injini ikiwa imezimwa. Skrubu ya kituo cha kipepeo iliyopakwa rangi au kufunikwa kiwandani isiguswe; ndiyo inayoipa kompyuta mwanzo wa hesabu ya pembe. Gasketi iliyo chini ya throto bodi nayo hupasuka kwa mtikisiko wa barabara za makorongo, na hewa inayopenya hapo haipiti mbele ya kipepeo. Mfumo wa mgandamizo huisoma kama mzigo na kupandisha sailensi. Ule wa pembe hauioni, na injini hubaki na njaa ya mafuta.

Kuna gereji zinazopendekeza kung'oa mfumo mzima na kufunga kabureta. Kwa gari ambalo kontroli boksi yake imekufa na nyingine haipatikani kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, wala ya Kirinyaga Road, Nairobi, ushauri huo una mantiki, mradi distribyuta nayo ibadilishwe: ya awali hutegemea kompyuta kuongeza digrii za moto, na ikiachwa peke yake injini hubaki na taimingi ya sailensi kwenye kasi zote. Kwa gari ambalo lina namba 22, filta iliyoziba na ethi yenye kutu, kabureta ni njia ya gharama ya kuyakimbia matengenezo ya siku moja.